Nani ashike kalamu ya dawa? Maneno kwa wenye maduka ya dawa na wakazi wa Busia

Wazee wetu, mama zangu, viongozi wa mtaa, ndugu wenye maduka ya dawa, na nyinyi majirani mliovuka mpaka asubuhi hii kuja kutusikiliza: hamjambo? Waliosimama kule mlangoni wasogee mbele, viti bado vipo.

Nimeombwa niongee juu ya jambo ambalo kila mmoja humu ndani ameshalifanya. Unaingia dukani, unaeleza kinachokuuma, unatoka na dawa. Swali nililopewa ni hili: je, mfamasia ana ruhusa ya kukuandikia dawa? Nitalijibu sasa hivi, asije mtu akatoka hapa akisema nilizungukazunguka. Kwa sheria ya Uganda, hana. Kwa dawa zinazotaka cheti, yaani karatasi ya kuandikiwa dawa, kazi ya mfamasia ni kukisoma hicho cheti, kukikagua, kumpigia aliyekiandika akiona kitu hakikai sawa, kisha kutoa dawa na kukueleza namna ya kuitumia. Kuandika ni kwa wengine. Mimi mwenyewe ni mfamasia, kwa hiyo mnaweza kukisia kwamba jibu hilo halinipendezi. Ila nimekuja pia kuwaambia ni lini mimi mwenyewe ningelipinga jibu la kinyume chake.

Sheria inayotuongoza ni ya 1993, ile iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Kabla yake kulikuwa na ile ya 1970 ya famasi na dawa, na baadhi ya mambo yetu ya taaluma bado yanatoka huko. Sheria inazipanga dawa kwa madaraja. Juu kabisa ziko zile kali, kama morphine na pethidine, zinazofungiwa kabatini na kuandikiwa daftari lake. Zinafuata zinazotoka kwa cheti, na humo ndimo zilimo antibiotiki karibu zote, dawa nyingi za presha na za sukari. Chini ziko zile unazoweza kununua bila karatasi: paracetamol, paketi za chumvi na sukari za kuharisha, na nyingine za namna hiyo. Famasi, ambayo lazima iwe na mfamasia aliyesajiliwa, inaweza kuuza za madaraja yote kwa masharti yake. Duka dogo la dawa, lile linaloendeshwa na muuguzi au mkunga, limeruhusiwa daraja la chini tu. Wenye maduka mnaolijua hili vizuri, naona mmeinama kidogo. Sikuja kukagua mtu leo.

Tuache karatasi, twende kaunta. Mama anaingia na mtoto mgongoni. Anamwita aliye nyuma ya meza "Musawo", maana kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni Musawo, awe daktari, muuguzi au kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Anasema mtoto amekohoa usiku kucha, naomba ile ya rangi mbili, ya elfu moja. Hana cheti. Kituo cha afya ameshakwenda, ameambiwa dawa zimekwisha mpaka mzigo ujao. Na hilo si ajabu: Bohari Kuu ya Dawa ya serikali hupeleka dawa vituoni kila miezi miwili, na mwezi wa pili ukiwa katikati, rafu huwa zimepauka. Serikali ilifuta malipo katika vituo vyake tangu 2001, dawa ni bure, lakini bure isiyokuwepo rafuni humleta mama huyo kwako akiwa na noti moja mkononi.

Sasa mfamasia afanye nini? Sheria inamwambia amrudishe. Akimrudisha, mama anavuka barabara, anaingia duka la pili, anapewa vidonge sita vya rangi mbili vikiwa kwenye kipande cha gazeti. Mtoto wa mwaka mmoja, vidonge vya mtu mzima, nusu dozi. Hapa Busia tuna duka la tatu pia, ambalo liko nchi nyingine. Ukibana upande huu, biashara inahamia ule. Nusu ya dozi inaweza kununuliwa Uganda na nusu Kenya, na hakuna daftari popote pale linaloonyesha kwamba ni mgonjwa mmoja.

Watu wanapotuambia kwamba kumpa mfamasia kalamu ni hatari, huwa nawauliza: mnadhani kalamu hiyo sasa hivi iko kwa daktari peke yake? Twende kijijini. Kuna wale tunaowaita VHT, majirani zetu waliochaguliwa na kijiji na kufunzwa kwa siku chache. Tangu mpango wa kutibu watoto vijijini ulipoanza mwaka 2010, VHT anaruhusiwa kumpima mtoto aliye chini ya miaka mitano malaria kwa kumtoboa kidole, na kumpa dawa mseto. Anaruhusiwa kumpa paketi za kuharisha na zinki. Na mtoto akikohoa, VHT anamvua shati, anamlaza magotini pa mama yake, anawasha saa yake na kuhesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nimonia. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Zikifika hapo, anampa amoxicillin, ambayo ni antibiotiki. Akiona dalili za hatari, kama mtoto kushindwa kunyonya au kifua kubonyea ndani, anampeleka kituoni mara moja.

Tazameni basi tulipo. Jirani aliyefunzwa siku chache anaruhusiwa kutoa amoxicillin, na anaitoa vizuri. Mfamasia aliyekaa chuo kikuu miaka minne na mwaka mwingine wa mazoezi hospitalini haruhusiwi kuianzisha. Simdharau VHT hata kidogo, wengi wao wameokoa watoto kuliko mimi. Nasema tu kwamba nchi hii iliamua kitambo kwamba kuandika dawa kunaweza kugawanywa.

Na iligawanya hata palipo pagumu zaidi. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mgonjwa wa saratani aliyekuwa akilia kwa maumivu nyumbani akaanza kupata morphine ya maji, unga uliochanganywa hapahapa nchini, wa bei ndogo. Tatizo likawa ni nani wa kuiandika, kwa sababu madaktari hawakufika vijijini. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa: wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani kuwapunguzia maumivu wenye magonjwa yasiyopona, kozi ya miezi tisa kwa muuguzi, wakaruhusiwa kuandika morphine. Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwapa wauguzi ruhusa hiyo. Morphine, jamani! Dawa ambayo nchi nyingi mpaka leo zinaiogopa.

Mifano hiyo miwili ukiiangalia kwa makini, utaona haikuwa huruma tu. VHT ana dawa chache zinazohesabika kwa vidole, ana kipimo kabla ya dawa, ana daftari, na ana mtu wa kituoni anayelikagua daftari hilo. Muuguzi wa morphine amesomea kitu hichohicho anachokiandika, na ruhusa ni yake yeye binafsi. Akiacha kazi, aliyekaa kwenye kiti chake hairithi. Na wote wawili wana jambo moja zaidi, ambalo wafamasia wenzangu huwa hawapendi nilitaje: hawauzi. VHT hapati shilingi kwa kutoa amoxicillin, wala hapotezi shilingi kwa kuinyima.

Mimi ninauza. Hapo ndipo penye mfupa, na naomba tukae hapo kidogo.

Mwenye kuandika na mwenye kuuza wakiwa mtu mmoja, kila "hapana" anayoisema inamtoa kitu mfukoni. Kodi ya chumba ni ya mwezi huu, msichana wa kaunta anataka mshahara, na huyu mteja ana mafua ambayo yatapona yenyewe kwa siku tano. Nimwambie anywe maji ya moto alale? Atatoka bila kununua kitu. Nimwandikie antibiotiki kama azithromycin? Anatoka ameridhika, nami nimepata faida. Msiniambie uadilifu utatosha. Uadilifu upo, ila ukiuwekea jaribu hilo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, utachoka.

Madaktari wetu hulitumia hilo kutupinga, na wana haki. Ila nao wana kliniki, na katika kliniki nyingi nyuma ya pazia kuna kabati la dawa, na anayeandika ndiye mwenye kabati. Kwa hiyo hili ni gonjwa la wote, na dawa yake lazima iwe ya wote.

Wenzetu walilitatuaje? Uingereza ilianza polepole. Mwaka 2003 mfamasia aliruhusiwa kuandika kwa kufuata mpango aliokubaliana na daktari juu ya mgonjwa fulani. Mwaka 2006 waliosoma zaidi wakaruhusiwa kuandika wenyewe, na ruhusa hiyo inaandikwa pembeni ya jina la mtu kwenye rejista ya baraza lao. Halafu Januari 2024 England ikaanzisha mpango wa famasi za mitaani kutibu magonjwa saba, basi: koo, sikio, uvimbe wa sainasi, mkanda wa jeshi, vidonda vya ngozi vya kuambukiza, kuumwa na mdudu kukatunga usaha, na maambukizi mepesi ya mkojo kwa wanawake. Kila ugonjwa una njia yake iliyoandikwa: uliza hiki, ukikuta kile mpeleke kwa daktari, ukikuta hiki toa dawa hii. Lililonivutia mimi ni malipo. Mpango ulipoanza, huduma yao ya afya ilimlipa mfamasia pauni 15 kwa kila mgonjwa aliyemsikiliza na kumpima ipasavyo, awe amempa dawa au hakumpa. Kusema "hapana" kukawa kazi yenye mshahara.

Kanada, katika jimbo la Alberta, waliruhusu tangu 2007 kwa ngazi. Mfamasia wa kawaida anaweza kuongeza muda wa cheti au kurekebisha dozi. Anayetaka kuanzisha dawa mwenyewe lazima aombe idhini ya ziada na kuonyesha kazi yake. Afrika Kusini walipotaka wafamasia waliofunzwa waanzishe dawa za VVU, chama kimoja cha madaktari kilienda mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Pretoria ikalitupilia mbali shauri hilo. Msifikiri basi kwamba ugomvi huu ni wa Uganda tu.

Sisi hatuna bima ya afya ya taifa. Bunge lilipitisha muswada wake Machi 2021, lakini kadi mkononi hatuna. Nani atamlipa mfamasia wa Busia kwa kusema hapana? Nimelifikiria sana hili, na pendekezo langu najua litawachekesha: ada ya kusikilizwa, ndogo, iliyobandikwa ukutani, ileile kwa anayetoka na dawa na anayetoka bila. Naam, naona mnacheka. Mtu wa Busia hulipia sindano, halipii maneno. Lakini mbona tunamlipa fundi simu akituambia simu haina ubovu, ni chaji tu? Kipimo cha malaria tayari watu wanakilipia, hata kikionyesha hakuna malaria. Tunaweza kuanzia hapo.

Na tukitaja kipimo, tutaje taifodi. Hapa kwetu hakuna anayeumwa malaria peke yake siku hizi, ni "malaria na taifodi" kama mapacha. Tone la damu, maji ya kipimo cha Widal, dakika chache, jibu: taifodi. Kile kipimo kinasoma kinga iliyo mwilini, na mtu aliyewahi kupata taifodi zamani, au maambukizi mengine kabisa, anaweza kuonekana anayo leo. Kisha anapewa ciprofloxacin, mwezi ujao tena, mwaka kesho tena. Daktari anayesema mfamasia hawezi kutambua ugonjwa, namwambia kweli, mwingi siwezi. Ndiyo maana siombi mwingi. Naomba ile michache yenye kipimo cha kuaminika au dalili zisizo na utata, na nikikwama nimpeleke mgonjwa kwake na barua, si kwa mdomo.

Kwa upande wa dawa zenyewe, orodha ipo tayari. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 linazigawa antibiotiki makundi matatu: za kufikiwa kirahisi, za kuangaliwa, na za akiba. Amoxicillin, doxycycline na metronidazole ziko kundi la kwanza. Ciprofloxacin, azithromycin na ile ceftriaxone ya sindano mnayoipenda sana ziko la pili. Mfamasia akipewa kalamu, isivuke kundi la kwanza. Sindano asiguse. Dawa za kulevya na za usingizi asiguse. Usugu wa vimelea si hadithi ya kutishia watoto: kwa mwaka 2019 pekee, watafiti walikadiria vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na vimelea visivyosikia dawa, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara.

Mahali pepesi pa kuanzia, kwa maoni yangu, hata si antibiotiki. Ni presha. Mzee anatumia amlodipine ileile kwa miaka, hali yake imetulia, cheti kimekwisha muda. Leo ama analipa nauli na kusubiri siku nzima ili aandikiwe kilekile, ama anaacha dawa, na tunamsikia kwenye matanga. Mfamasia ampime presha, aandike kipimo, amwongezee miezi fulani, na kipimo kikipanda amrudishe kwa daktari. Kampala kuna wagonjwa wa VVU ambao hali zao zimetulia wanaochukua dawa zao kwenye famasi za mitaani, cheti kikiwa bado cha kliniki yao. Mgonjwa wa presha ana kosa gani?

Sasa niwaseme wenzangu, kwa sababu wakubwa wa taaluma wako hapa na hawatanitoa jukwaani. Kuna famasi ukiingia unakuta cheti cha mfamasia kimening'inia ukutani, kina picha yake, amevaa tai, na walioko kaunta hawajawahi kumwona kwa macho. Yeye yuko Kampala, au ana famasi nyingine, jina lake ndilo linalofanya kazi hapa. Wafamasia ni wachache na wengi wamejaa Kampala na Wakiso, hiyo naielewa. Lakini ukitoa ruhusa ya kuandika dawa kwa jengo la namna hiyo, umempa kalamu kijana wa kaunta. Bunge likiniuliza kesho, nitasema ruhusa iandikwe kwa jina la mtu. Mtu huyo asipokuwepo, hakuna kuandika siku hiyo, na kila anachoandika kiwe na jina lake, namba yake ya usajili, alichopima, na sababu. NDA wakague jengo na dawa, na wasimamizi wa taaluma wamkague mtu na daftari lake. Kazi hizo mbili zikichanganywa kila ofisi itasema ni ya mwenzake.

Ninyi wa maduka madogo najua mnauliza, na sisi je? Tanzania walianza Ruvuma mwaka 2003 na Maduka ya Dawa Muhimu: muuzaji anafunzwa, duka linakaguliwa, na anaruhusiwa orodha fupi inayozidi ile ya kawaida, hata antibiotiki chache. Uganda tulijaribu mfano huo Kibaale. Mimi naukubali kwa vijiji ambavyo famasi haitafika kwa miaka mingi ijayo. Siukubali kwa mjini hapa, ambapo kutoka duka lako hadi famasi ni kutupa jiwe. Najua hili halitanipa rafiki mpya leo.

Sheria haitabadilika kwa hotuba. Mpaka ibadilike, ya sasa ndiyo sheria, na mfamasia anayekuandikia dawa za cheti leo anavunja sheria hata kama ana nia njema. Ila mkiingia famasi kesho, kitu kimoja kiko ndani ya haki yenu kabisa: mtafuteni mwenye picha ukutani. Ulizeni yuko wapi, na mkimpata, mwambieni akae nanyi mzungumze. Akikuambia huhitaji dawa, usimkasirikie.

Nimemaliza upande wangu. Yule mzee wa kofia nyeupe amenyoosha mkono tangu nilipotaja ile ada ya kusikilizwa. Mpeni kipaza sauti.